Nina Crohn, mdogo wangu ana kolaitisi: ni sigara, maji, chakula au dawa za utotoni?

Dada, swali lako limebeba mambo mengi, kwa hiyo naomba nilirudie kwa kifupi ili na mwingine atakayesoma ajue tunaongelea nini. Umesema mwaka jana umegundulika una ugonjwa wa Crohn, sigara bado unavuta moja moja, mdogo wako wa kiume ana kolaitisi ya vidonda na yeye ilimwanza miezi michache baada ya kuacha kuvuta, sasa anasema bora arudie maana alivyokuwa anavuta alikuwa mzima. Una watoto wawili. Unataka kujua ni kitu gani kwenye mazingira kimewapata nyie wawili, kama ni maji, vyakula vya viwandani, antibayotiki mlizokunywa utotoni au hewa ya mjini, alafu kama uhame, ununue chujio la maji, na watoto uwafanyeje.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya mfumo wa chakula na hili swali naulizwa sana, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Mazingira yana mkono kwenye haya magonjwa, tena mkono mkubwa. Ila kuna maswali mawili ambayo watu wanayachanganya na huko kuchanganya ndo kunawatesa: la kwanza ni nini kilianzisha ugonjwa, la pili ni nini kinauamsha sasa hivi. La kwanza, kwa mgonjwa mmoja mmoja, karibu kila mara halijibiki, na hata lingejibika huwezi kurudi nyuma ukarekebisha. La pili lina majibu na mengi unaweza kuyafanyia kazi kuanzia wiki hii. Nawaona wagonjwa wanaomaliza hela na usingizi kwenye la kwanza huku la pili hata hawajaligusa, wewe na mdogo wako sitaki mfike huko.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu magonjwa yenyewe. Crohn na kolaitisi ya vidonda yote ni magonjwa sugu ya kuvimba utumbo, kinga ya mwili inashambulia utumbo na haiachi. Crohn inaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, inapenda sana pale mwisho wa utumbo mwembamba, na inakula unene wote wa ukuta, ndo maana inaleta kubana kwa utumbo na fistula, yaani tundu linalotoboka kutoka utumbo kwenda kiungo kingine au ngozi. Kolaitisi inakaa kwenye utumbo mpana tu, inaanzia rektamu, yaani sehemu ya mwisho kabisa karibu na njia ya haja, inapanda juu, na inachubua ngozi ya ndani. Jina la Crohn limetokana na daktari Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai, New York, ambaye yeye na wenzake Ginzburg na Oppenheimer waliuandika ugonjwa huu mwaka 1932.

Sasa kwa nini tunasema mazingira. Angalia mapacha wanaofanana kabisa, wale wenye jeni zilezile. Pacha mmoja akiwa na Crohn, mwenzake anaupata kwenye takriban theluthi moja mpaka nusu ya mapacha hao, na kwenye kolaitisi ni wachache zaidi, chini ya mmoja kati ya watano. Kama ingekuwa ni jeni peke yake wote wawili wangeugua kila mara. Jeni ya kwanza kubwa ya Crohn, NOD2, iligundulika mwaka 2001 na toka hapo zimepatikana sehemu zaidi ya 200 kwenye vinasaba zinazohusiana na magonjwa haya, na bado wengi waliobeba hizo jeni wanazeeka bila kuumwa. Alafu kuna kasi. Haya magonjwa yaliongezeka sana Ulaya na Amerika Kaskazini karne ya 20, leo kule yamefika zaidi ya mtu 1 kati ya 300 kwenye nchi nyingi, na sasa yanapanda Asia na Amerika Kusini kadri nchi zinavyojenga viwanda na watu wanavyohamia mijini. Vinasaba vya watu havibadiliki kwa miaka hamsini. Na ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa wahamiaji: huko Ontario, Kanada, walikuta watu waliohamia kutoka Asia Kusini wana hatari ndogo, anayehamia akiwa mdogo hatari yake inapanda, na watoto wao waliozaliwa hapohapo wanakaribia kuugua sawa na wenyeji. Damu ni ileile, kilichobadilika ni walikokulia.

Kwa hiyo ndiyo, mazingira. Ila lini? Hapa ndo naomba usome taratibu. Jeshi la Marekani huwa linahifadhi damu za wanajeshi wake, watafiti wakaenda kuchukua zile damu za miaka ya nyuma za wanajeshi ambao baadaye waligundulika na Crohn, wakakuta alama za kinga dhidi ya vijidudu vya utumbo zimeshaanza kuonekana miaka kama mitano au zaidi kabla mtu hajajua anaumwa. Denmark nao waliangalia vipimo vya kawaida vya damu vya watu wengi wakakuta kwa Crohn mabadiliko madogo madogo yanaanza mpaka miaka 8 kabla ya ugonjwa kugundulika, na kolaitisi miaka kama 3. Maana yake ni kwamba ile dawa uliyokunywa mwezi mmoja kabla ya kulazwa, ile nyumba mpya mliyohamia, ule msiba uliokuumiza mwaka ule, kuna uwezekano mkubwa vilikukuta ugonjwa umeshaanza zamani, viliuonyesha tu. Wagonjwa wengi wanajilaumu kwa kitu cha juzi wakati safari ya ugonjwa ilianza kitambo, pengine tangu utotoni ambapo bakteria wa tumboni na kinga ya mwili vinafundishana kuishi pamoja.

Hebu nikupeleke ndani ya utumbo wenyewe kidogo maana ukielewa hapa, mengine yote yanakuwa rahisi. Ukuta wa utumbo mpana umefunikwa na ute wa tabaka mbili. La nje ni legelege na bakteria wanaishi humo bila shida yoyote, la ndani limebana na kwa mtu mwenye afya karibu halina bakteria kabisa. Chini ya ute kuna mstari wa seli ambao unene wake ni seli moja, moja tu, alafu chini ya hapo ndo wamejaa askari wa kinga wakisubiri. Sasa kila kitu tunachokishuku kwenye mazingira ukikifuatilia unakuta kinagusa moja kati ya haya: kinapunguza ute, kinafungua nafasi kati ya seli na seli, kinabadilisha aina za bakteria, au kinawachokoza askari. Mtu mwenye jeni zisizo na shida anachokozwa, askari wanatoka, wanamaliza kazi wanarudi. Mwenye jeni dhaifu wakishatoka hawarudi. Ndo maana nyie wawili mnaweza kuwa mmeishi sawasawa na majirani kumi, mkaugua nyie na wao wakabaki wazima, na hakuna aliyekosea.

Sasa tuje kwenye sigara maana hapo ndo penye mambo kwenu nyie wawili. Sigara ndicho kitu cha mazingira tunachokijua vizuri kuliko vyote na kinafanya kinyume kwenye magonjwa haya mawili. Kwa Crohn, anayevuta ana hatari kama mara mbili ya kuupata ukilinganisha na asiyevuta, na akishaupata na akaendelea kuvuta ugonjwa unaamka mara nyingi zaidi, anahitaji steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, zaidi, anafanyiwa upasuaji zaidi, na baada ya upasuaji ugonjwa unarudi haraka palepale walipounganisha utumbo. Kwa kolaitisi ni upande mwingine. Mwaka 1982 madaktari wa Cardiff, Wales, waliandika kwamba wagonjwa wao wa kolaitisi wengi sana ni watu wasiovuta, wengine wakaja wakathibitisha, na ikaonekana kipindi cha hatari zaidi ni ile miaka ya mwanzo baada ya mtu kuacha sigara. Kwa hiyo mdogo wako hajaota, alichokiona kinajulikana kabisa na nimewahudumia watu wa aina yake, mtu kaacha sigara kwa nia njema, miezi kadhaa baadaye anaona damu chooni, anajiona kaadhibiwa kwa kufanya jambo zuri.

Ila asirudie. Naomba umwambie hivo kama nilivyoandika. Sigara haitibu kolaitisi. Miaka ya 1990 walijaribu kuwapa wagonjwa nikotini ya kubandika kwenye ngozi, kweli iliwasaidia baadhi waliokuwa na ugonjwa uliowaka, lakini ilikuja na kichefuchefu na kizunguzungu na haikuweza kuuzuia ugonjwa usirudi, kwa hiyo haikuwa tiba ya kutegemea. Leo tuna mesalamini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ambayo kwa kolaitisi ya wastani inafanya kazi vizuri sana, na zipo dawa za nguvu zaidi ikishindikana. Kubadilisha dawa hizo kwa kitu kinachoua mapafu na moyo ni biashara mbaya mno. Kama hatulii na dawa alizonazo, tatizo ni dawa haijamtosha au anaruka dozi, arudi kwa daktari wake waongee.

Na wewe dada, hiyo moja moja iache. Sisemi hivi kukugombeza, nasema kwa sababu katika mambo yote uliyoniuliza, maji, hewa, chakula, hili ndilo lenye ushahidi mzito kuliko yote na liko upande wako. Wagonjwa wa Crohn waliofanikiwa kuacha na kukaa mwaka bila sigara, ugonjwa wao ulikuja kwenda kama wa watu ambao hawakuwahi kuvuta. Mwaka mmoja tu. Hakuna chujio la maji linaloweza kukufanyia hivyo. Kama kuacha ghafla kunakushinda muulize daktari dawa za kusaidia kuacha, zipo, na kwa mwenye Crohn hizo bandeji na bigijii za nikotini ni afadhali mara nyingi kuliko moshi.

Cha pili kwenye orodha yangu hukukitaja kabisa na ndo kinanipa wasiwasi zaidi: dawa za maumivu. Ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni, na jamii yao yote. Hizi zinazuia kemikali ambazo utumbo unazitumia kujilinda na kujitengeneza, na kwa wagonjwa wengine zinaamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Na mwenye Crohn au kolaitisi viungo vinamuuma mara kwa mara, magoti, kiuno, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo anaenda kununua diklofenaki mwenyewe, anameza wiki nzima, goti linapoa tumbo linawaka, alafu anakuja kuniambia ni chakula alichokula kwenye sherehe. Mimi siku hizi kabla sijauliza chakula nauliza dawa ya maumivu. Tumia parasetamo kwanza, na kama viungo vinakuuma sana mwambie daktari wako maana pengine ni dalili kwamba ugonjwa wa tumbo haujadhibitiwa na tiba inatakiwa ibadilishwe, siyo kuongezewa kidonge cha maumivu juu yake.

Antibiotiki, au antibayotiki kama ulivyoandika. Tafiti kubwa za nchi za Skandinavia, ambako kila dawa iliyotolewa ipo kwenye rekodi za taifa, zinaonyesha watu waliopewa antibayotiki nyingi wana hatari kubwa zaidi ya kupata magonjwa haya baadaye, na kadri dozi zilivyo nyingi ndo hatari inavyopanda. Inaeleweka, maana zinafyeka bakteria wabaya na wazuri pamoja. Lakini kuna mtego hapo. Mtu ambaye ugonjwa umeshamuanza kimyakimya anaharisha mara kwa mara, anapewa antibayotiki akidhaniwa ana maambukizi, baadaye anagundulika na Crohn, na kwenye makaratasi inaonekana dawa ndo imeleta ugonjwa. Watafiti wanajitahidi kuutoa huo mtego na hata wakiutoa uhusiano kiasi fulani unabaki, kwa hiyo mimi naamini zinachangia. Ila mama yako aliyekupa antibayotiki ukiwa na nimonia alikuokoa maisha, hilo lisiingie kwenye lawama hata kidogo. Cha kufanya leo ni kutozinywa kwa mafua, na kutowapa watoto bila mtu kuwapima.

Tukiwa hapohapo, maambukizi ya tumbo yenyewe, salmonella na kampilobakta, nayo yamehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kugundulika na haya magonjwa baadaye. Nalitaja kwa sababu kuna watu wamesikia habari ya usafi uliopitiliza wakaitafsiri vibaya. Habari yenyewe iko hivi: mwaka 1989 David Strachan wa Uingereza aliona watoto wa familia kubwa wanapata mzio wa chavua kidogo kuliko wa familia ndogo, likazaliwa wazo kwamba kinga ya mwili ikikosa vijidudu utotoni inakua bila mafunzo. Kwenye utumbo wazo hilo lina mashiko, watoto waliokulia shambani na wanyama, waliokulia kwenye nyumba yenye watu wengi, walionyonya maziwa ya mama, kwa ujumla wanaugua kidogo. Wengine wakaenda mbali wakawapa wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe wanywe, majaribio madogo ya mwanzo yalitia moyo, yale makubwa zaidi yaliyofuata hayakuonyesha faida. Kwa hiyo mtoto acheze na udongo na mbwa, ila maji ya kunywa yawe safi na mikono ioshwe kabla ya kula. Vijidudu vya udongoni na salmonella siyo kitu kimoja.

Chakula sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye uongo mwingi.

Tunajua chakula kina nguvu kwenye Crohn kwa sababu ya tiba moja: watoto wenye Crohn wakiachishwa chakula chote cha kawaida wakapewa lishe ya maji maalumu peke yake kwa wiki 6 mpaka 8, wengi wao ugonjwa unatulia, kwa kiwango kinachoshindana na steroidi, na ukuta wa utumbo unapona vizuri zaidi. Bila dawa yoyote kali. Wakirudia chakula cha kawaida, kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini, kinachoonyesha uvimbe wa utumbo, kwa wengi kinaanza kupanda tena ndani ya wiki chache. Maana yake kuna kitu kwenye chakula cha kawaida kinachouchokoza utumbo wao, ugomvi uliobaki ni kitu gani. Washukiwa wakubwa ni vyakula vilivyosindikwa sana, vile vyenye orodha ndefu ya viungo ambavyo jikoni hamna. Utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 116,000 kwenye nchi 21, ukatoka mwaka 2021, ulikuta wanaokula hivyo mara tano au zaidi kwa siku wana hatari iliyozidi kwa takriban asilimia 80 ukilinganisha na wanaokula chini ya mara moja. Na panya waliowekewa kwenye maji yao emalsifaya mbili, yaani viungo vya viwandani vinavyofanya mafuta na maji yachanganyike, karboksimethilselulosi na polisobeti 80, kwenye utafiti wa 2015, ule ute niliokueleza ulikonda na bakteria wakasogea mpaka karibu na seli, wale wenye udhaifu wa jeni wakapata kolaitisi. Panya ni panya, lakini ukiunganisha na mengine picha inaanza kuonekana.

Upande wa pili ni faiba, nyuzinyuzi za kwenye matunda, mboga na nafaka. Wauguzi wa kike wa Marekani waliofuatiliwa kuanzia miaka ya 1970 na 80, waliokula faiba nyingi zaidi, hasa ya matunda, walipata Crohn pungufu kwa kama asilimia 40. Kwa kolaitisi uhusiano huo haukuonekana vizuri. Na nyama nyekundu ambayo kila mtu anaambiwa aache, kuna jaribio la wagonjwa wa Crohn waliotulia ambapo kundi moja lilipunguza nyama, ugonjwa ulirudi sawasawa tu kwenye makundi yote mawili. Ndo maana nakwambia usiogope kila kitu.

Kwa hiyo kwako: pika mwenyewe kadri unavyoweza, punguza vya pakiti na soda, kula matunda na mboga. Ila kama kipimo chako kimeonyesha utumbo umebana mahali, faiba ngumu, maganda, mbegu, mboga mbichi zenye nyuzi, zinaweza kukwama hapo na kukulaza hospitali, kwa hiyo muulize daktari wako swali hili moja kabla hujabadilisha chochote, je nina sehemu imebana? Na tafadhali usiache dawa ukategemea chakula. Nimeona watu wakikata chakula kimoja baada ya kingine mpaka wanabaki na vitu vitano, wamekonda, damu imeshuka, na ugonjwa bado unawaka.

Maji na kemikali. Kuna kisa kimoja kikubwa kinachojulikana. Bonde la mto Ohio, Marekani, kiwanda cha DuPont karibu na Parkersburg, West Virginia, kilikuwa kinaachia kemikali ya PFOA ambayo iliingia kwenye maji ya kunywa ya watu wengi. Kesi ikaenda mahakamani na kwenye makubaliano likaundwa jopo la wanasayansi watatu, wakapima damu na kufuatilia afya za makumi ya maelfu ya wakazi, na mwaka 2012 wakasema kati ya magonjwa waliyoyaona yana uwezekano wa kuhusiana na PFOA, kolaitisi ya vidonda imo. Crohn haikuwemo. Kwa hiyo kemikali kwenye maji siyo hadithi ya kutunga, mdogo wako anastahili jibu la kweli hapo. Ila hao walikunywa maji yaliyochafuliwa na kiwanda kwa miaka. Kama eneo mnaloishi limetangazwa lina uchafuzi wa aina hiyo, tafuta chujio la mkaa maalumu (activated carbon) au la reverse osmosis na ulibadilishe kwa wakati. Kama halijatangazwa, hela ya chujio iweke kwenye dawa. Plastiki ndogondogo nazo zimekutwa nyingi zaidi kwenye choo cha wagonjwa, utafiti wa China wa 2021, lakini hapo huwezi kujua kama plastiki imeleta ugonjwa au utumbo mgonjwa unazipitisha tofauti.

Kuhama mji, hapana. Kukulia mjini kunahusishwa na hatari zaidi, hasa Crohn, na moshi wa magari umechunguzwa sana na majibu yanapishana utafiti kwa utafiti. Wewe umeshakua. Ukihama ukawa mbali na hospitali inayokujua utapoteza zaidi ya utakachopata.

Stresi haijathibitika kuleta haya magonjwa, ila inaweza kuamsha, na kulala vibaya nako kumehusishwa na ugonjwa kurudi. Vidonge vya uzazi wa mpango vinapandisha hatari ya Crohn kidogo, usiviache ghafla, ila mwambie daktari unatumia, maana ugonjwa ukiwaka damu inaganda kirahisi na estrojeni inaongeza hapohapo, na sigara inaongeza tena. Vitamini D pima, ikiwa chini nywa.

Jambo moja zaidi kabla ya watoto. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana sana na Crohn hata kwenye kipimo cha kamera ya utumbo, na amiba inaweza kufanana na kolaitisi. Kama hukupimwa hivyo kabla ya kuambiwa una Crohn, uliza, hasa kabla ya kuanzishiwa steroidi au dawa za kushusha kinga, maana mtu mwenye kifua kikuu akipewa hizo anaweza kuumia vibaya. Kuuliza siyo kumdharau daktari.

Watoto wako. Mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye Crohn hatari yake inapanda kuliko ya mtoto mwingine, lakini zaidi ya 90 kati ya 100 ya watoto hao hawapati. Hujawaambukiza, haiambukizi. Unachoweza kuwafanyia ni kile kile nilichosema: nyumba isiyo na moshi, maziwa ya mama kama bado kuna mtoto mchanga, antibayotiki pale tu zinapohitajika, chakula kilichopikwa, na wacheze nje. Chanjo wapate zote. Ule uvumi wa chanjo ya surua kuleta ugonjwa wa utumbo ulienezwa sana na makala ya mwaka 1998 ambayo jarida la Lancet lenyewe liliifuta 2010. Ila wewe mwenyewe ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga, chanjo zako za virusi hai uliza kwanza.

Usiwapime wakiwa hawana dalili, haisaidii na inawatisha. Ila dalili zijue, maana kwa mtoto Crohn saa ingine haianzi na kuharisha, inaanza na mtoto ambaye harefuki, nguo za mwaka jana bado zinamtosha, wenzake wanampita, anakula kidogo, anachoka, damu yake iko chini, au ana kidonda au jipu karibu na njia ya haja ambalo haliponi. Damu kwenye choo, kuamka usiku kwa ajili ya kuharisha na kupungua uzito hivyo unavijua. Ukiona mojawapo mpeleke, sema wazi kwamba mama ana Crohn na mjomba ana kolaitisi, na omba waanze na kipimo cha choo cha kalprotektini pamoja na damu, kikiwa sawa mara nyingi hata kamera haitahitajika.